Foleni ya Vibandiko

Mashine iligoma kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu Bawabu akaeleza sababu kwa sauti yake laini ya mtangazaji wa vifo.

"Ndani ya chumba cha mionzi yumo mtu mwekundu. Mionzi haitatolewa. Tafadhali mwondoeni. Asante kwa kuilinda jamii yako."

"Asante wewe," Atuganile alisema, akaipiga meza kwa kiganja.

Kwenye skrini Mzee Anyosisye alikuwa amelala chali juu ya kitanda cha mashine, uso na shingo vimebanwa ndani ya kinyago cha plastiki kilichofinyangwa kwa umbo lake mwenyewe, ili koo lake lenye saratani lisisogee wakati mionzi inapita. Akiwa ndani ya kinyago hakuweza kusema. Aliweza kuinua kidole gumba tu, kuonyesha kwamba yu salama, na alikuwa amekiinua tangu mgomo wa kwanza. Sasa alikuwa anakitikisa kama mtu anayesimamisha gari lililokwisha kumpita.

Zamani, kabla ya mafua ya chuma, kitu kilichoweza kuzuia mionzi kilikuwa kimoja: mlango. Mlango wa chumba ukiwa wazi, mashine haiwaki, ukifungwa, inawaka. Mtoto wa chekechea angeelewa. Kisha yakaja mafua, yakaitwa ya chuma kwa sababu mgonjwa alianza kwa kuhisi mdomoni ladha ya msumari, na makaburi yalipowazidi wachimbaji, Mamlaka ya Karantini ikamleta Bawabu. Bawabu hakuwa mtu. Alikuwa programu iliyokaa kwenye kila mlango wa umma nchini, kuanzia soko la samaki hadi bungeni, ikisoma kibandiko ambacho kila raia alilazimika kukivaa mkononi, juu ya kiwiko. Kibandiko kilipima joto, jasho na mapigo ya moyo. Kijani, pita. Njano, subiri. Nyekundu, mlango haukujui.

Fundi aliyetumwa na Mamlaka kumfunga Bawabu katika Kituo cha Mionzi cha Lukwambe alifika na ngazi na haraka zake. Aliukuta mlango wa chumba cha mionzi, akauhesabu kuwa mlango kama milango mingine, akamwunganisha Bawabu kwenye waya ule ule unaowasha mashine. Hakuuliza mtu. Atuganile alipomwuliza yeye, alijibu kwamba mlango ni mlango.

Ulikuwa mlango wa zege na madini ya risasi, unaofunguka kwa mwendo wa bibi harusi. Atuganile alisubiri ufunguke, akaingia, akafungua vifungo vya kinyago.

"Samahani sana, mzee wangu. Tumekwama."

Mzee Anyosisye alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi kabla ya kustaafu. Sasa sauti yake ilikuwa ya kunong'ona, na alilazimika kumeza mate kila baada ya maneno machache. "Nilidhani nimeshakufa," alisema. "Nikawa nasubiri kuitwa."

Atuganile aliushika mkono wake akatazama kibandiko. Kilikuwa chekundu kama pilipili iliyoiva. Asubuhi, getini, kilikuwa kijani. Alikuwa amekiona kwa macho yake. Akainama zaidi. Kwenye ukingo wa kila kibandiko kulikuwa na jina la mwenyewe kwa herufi ndogo kama miguu ya sisimizi, na jina lililokuwapo hapo halikuwa la Anyosisye.

"Mzee, wewe ni Mama Tusekile?"

Mzee alifikiri. "Bado," alisema.

*

Watu wa Lukwambe hawajawahi kukaa kwenye foleni kwa miili yao. Unaacha kandambili, au chupa ya maji, au jiwe ulilolitia alama, unakwenda zako kuota moto, na kitu chako kinasogezwa mbele na mikono ya walio nyuma yako. Hakuna anayeruka, hakuna anayeiba. Atuganile alilelewa katika desturi hiyo. Mama yake aliwahi kuacha sufuria kwenye foleni ya mahindi ya msaada, akarudi akaikuta imeshajazwa.

Barazani mwa kituo benchi la kusubiria lilitazama upande unakotoka upepo, na ukungu wa mashamba ya chai uliingia hapo bila kubisha. Wagonjwa waliogundua kwamba ukuta wa chumba cha kufulia una joto walihamia huko, wakaacha vitu vyao benchini. Lakini Mamlaka ilikuwa imeleta pia roboti la usafi. Lilipita kila mara likinyunyiza dawa na kumeza kila lililokutana nalo: kandambili, kanga, kofia, hata fimbo ya mzee mmoja wa Itagata. Wagonjwa walilipa jina la Mama Mkwe, kwa kuwa halikuridhika kamwe na usafi wa mtu. Kitu kimoja tu ambacho Mama Mkwe alikatazwa na sheria kukigusa ni kibandiko.

Kwa hiyo Atuganile alipotoka barazani alivikuta: safu ya vibandiko kwenye benchi, kimoja nyuma ya kingine, vinang'aa kijani kwa utulivu. Wenyewe walikuwa kule ukutani, mikono mitupu, wanapiga soga.

Aliwauliza, kwa sauti aliyoishikilia isipande, tangu lini. Wakatazamana. Mmoja alisema tangu mvua za kwanza. Mwingine alimsahihisha kwamba ni tangu Mama Mkwe alipokula viatu vya Mzee Anyosisye, maana siku ile ndipo Mzee alipotoa wazo. Walilieleza wazo hilo kwa fahari. Kibandiko kinabanduka kwa ajili ya kuoga, na kikibanduliwa kinashikilia rangi yake ya mwisho kwa muda mrefu. Unakiweka benchini, zamu yako ikifika unakichukua, unakibandika, unaingia. Na je, wanahakikishaje kwamba kila mtu amechukua chake? Miwani ya wengi ilikuwa nyumbani.

"Sista," alisema Mama Tusekile. Atuganile hakuwa muuguzi na hakuwahi kuwa, lakini alikwisha kuchoka kueleza. Mama Tusekile alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwuza vitumbua, anayetibiwa titi la kushoto. "Kwani kibandiko changu kikikaa kwa mwenzangu kinamwambukiza?"

"Hakiambukizi, mama. Kinasema uongo."

"Basi kama kinasema uongo, kile chekundu nacho si uongo?"

Huo ndio ulikuwa mwiba wenyewe. Kibandiko hujifunza mwili wa mtu kwa siku nyingi: joto lake la kawaida, jasho lake, mbio za moyo wake. Ukikihamishia mkono mwingine kinaweza kushtuka na kuwa chekundu bila sababu. Au kinaweza kuwa kimemwona mgonjwa wa kweli, aliyekuwa akipita getini siku zote kwa kijani cha mwenzake. Atuganile aliwauliza nani anahisi ladha ya chuma mdomoni. Wakainua mikono wote. Mionzi ya koo huleta ladha ya chuma. Dawa za saratani huleta ladha ya chuma. Katika jengo lile mtu asiye na ladha ya chuma mdomoni alikuwa labda ni Mama Mkwe peke yake.

Aliwaambia wavae barakoa zao mbili mbili, wakae mbalimbali, na mtu yeyote asiguse kibandiko tena, hata kama ni chake. Mama Tusekile aliguna, akasema kwamba kumbe akili za watu wazima huruhusiwa mpaka zifanye kazi.

*

Wauguzi wote wa kituo walikuwa wamechukuliwa na wodi za mafua. Daktari alipatikana kwa skrini, alipopatikana. Walibaki wawili: Atuganile, mtaalamu wa tiba ya mionzi, na Lugano, mwanafizikia aliyepanga vipimo vya mionzi ya kila mgonjwa na kuhakikisha mashine inatoa kile inachodai kutoa. Sheria ilitaka watu wawili wawepo kila mionzi inapowashwa. Mmoja wao akiugua, kituo kimekwisha.

Lugano alisikiliza habari zote akiwa ameshika kichwa. Kisha akasema jambo la kwanza lililomjia: wanyamaze.

"Dada Atu, tazama. Bawabu hahesabu watu, anahesabu vibandiko. Tukiviacha vyote benchini, wagonjwa wakaingia mikono mitupu, yeye anaona chumba kitupu. Anadhani tunapima mashine. Atatuachia."

"Na jioni?"

"Jioni wanarudi hosteli ya wagonjwa kama kawaida."

"Hosteli wanalala sita sita chumbani, Lugano. Watu ambao damu yao haina askari hata mmoja wa kuwalinda. Ukiwapa mafua ya chuma pale, hutahitaji kupanga vipimo vya mtu tena."

Atuganile akapiga simu Dawati la Karantini la mkoa, akapokelewa na Bwana Kaswaga, ambaye alianza kwa kumtakia asubuhi yenye afya na kumsomea tahadhari tano. Atuganile alizisikiliza zote. Alimwuliza, kwa mfano tu, ingekuwaje kama kituo fulani kingegundua kwamba wagonjwa wamechanganya vibandiko.

Kwa mfano tu, Bwana Kaswaga alisema, kituo hicho kikipiga simu kuripoti, hilo ni fungu la tano. Kikosi kinakuja, kinatoa watu wote, kila mmoja anarudishwa kwao, jengo linapigwa dawa na kufungwa wiki tatu. Na tiba yao? Tiba si kazi ya dawati lake. Atuganile alimweleza, polepole, kama anavyowaeleza ndugu wa wagonjwa, kwamba saratani iliyokwisha kuguswa na mionzi haikai ikisubiri. Seli zilizonusurika hujijenga upya kwa pupa kuliko mwanzo. Mgonjwa aliyekuwa anapona, ukimkatiza wiki tatu, unaweza kumrudisha pale pale alipoanzia, na safari hii mwili wake hauwezi tena kubeba mionzi ya kurudia. Bwana Kaswaga alisema anaelewa sana, na kwamba hata yeye shangazi yake.

"Shangazi yako alifanyaje?"

"Alifariki, dada. Lakini kabla ya haya."

Atuganile alifumba macho. Akauliza: na kama kituo kisiporipoti, ila kipime? Kwenye jokofu walibakiwa na kipimo kimoja cha mate. Vingine viliahidiwa, kama kila kitu. Mate ya watu wote yangeweza kutiwa katika kikombe kimoja. Kipimo kingesema kama mafua yamo miongoni mwao, bila kusema kwa nani.

Hilo, alisema Bwana Kaswaga, lilikuwa fungu la sita. Kipimo kinatuma jibu lake chenyewe kwa Bawabu. Kikiwa safi, Bawabu anafuta uwekundu wote. Kikiwa kichafu, jengo linajifunga papo hapo na wote waliomo. Hatoki mtu, haingii mtu, mpaka ugonjwa uishe wenyewe. Chakula kinapitishwa kwenye tundu la ukuta.

"Na milango ya ndani?"

"Ya ndani Bawabu anaiachia. Jengo zima linakuwa chumba kimoja chekundu. Huko ndani mtajijua." Kisha akakumbuka kazi yake. "Dada, unaripoti?"

"Naulizia tu," Atuganile alisema, akakata.

Alikaa akiitazama simu. Mtajijua. Mtu yule alidhani amemtisha. Miezi yote ile Atuganile aliogopa kufungwa kwa jengo kwa sababu kufungwa kulimaanisha mashine ndani, wagonjwa nje. Hakuwahi kuwaza kufungwa kukiwa na wagonjwa ndani, mashine ndani, na wawashaji wake wawili ndani, na Bawabu amesimama nje akilinda mlango wa mbele kama alivyopaswa kufanya tangu mwanzo.

Alimweleza Lugano. Alimwona akifika mwisho wa wazo kabla yake, kisha akiona kitu kingine nyuma ya wazo hilo, na uso wake ukabadilika.

"Jumamosi naoa," Lugano alisema.

"Najua."

"Dada Atu, kamati imekaa vikao tangu mwaka jana. Mjomba wangu amegombana na mwenyekiti. Ukumbi tumebadili mara tatu kwa sababu ya haya haya mafua. Sare zimeshonwa."

"Lugano, najua. Nami sare yangu imeshonwa."

Alitoka nje kumpigia mchumba wake. Kupitia dirishani Atuganile alimwona akitembea huku na huku akipungia hewa mkono. Aliporudi alisema Tumpale ameuliza kama keki inaweza kugandishwa. Akavua koti lake la nje, akalitundika msumarini, na hilo ndilo lililokuwa jibu lake.

*

Palibaki jambo ambalo Atuganile alikuwa akilizunguka tangu alipokata simu. Wagonjwa wa asubuhi walikuwa ndani. Wa mchana walikuwa bado hosteli na majumbani, na wengi wao hawakuwahi kukaa barazani na hawa. Akipima sasa, jibu likawa chafu, watabaki nje na saratani zao. Akisubiri waingie kwanza, atakuwa amewaita watu ambao huenda ni wazima waje kufungiwa na mafua.

Miongoni mwa wa mchana alikuwamo Bupe. Alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi, amebakiza wiki chache, na picha za mwezi huo zilionyesha uvimbe umesinyaa hivi kwamba daktari wa kwenye skrini, mtu asiyetabasamu, alizitazama mara mbili. Alikuwa mfano ambao Atuganile alikuwa nao kichwani wakati wote alipokuwa akimweleza Bwana Kaswaga kuhusu seli na pupa.

Aliwaeleza wa asubuhi kwanza. Aliwakusanya barazani, mbalimbali, akasema yote bila kupunguza: kwamba huenda mmoja wao ana mafua, kwamba atawapima leo, kwamba jibu likiwa chafu wote watabaki humu mpaka ugonjwa uishe, na kwamba mashine itaendelea kufanya kazi. Magodoro yapo stoo. Baridi itakuwapo. Wa mchana ataongea nao getini, kila mmoja achague mwenyewe.

Mzee Anyosisye alinong'ona kwamba kosa la vibandiko lilikuwa lake na kwamba yeye alale karibu na mlango wenye upepo. Mwanamke mmoja alianza kulia taratibu. Mama Tusekile alikuwa amekunja mikono.

"Hao wa mchana utawauliza," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Sisi umetuuliza saa ngapi?"

Atuganile alifungua mdomo. Alikuwa na majibu mengi, na yote yalikuwa ya kweli: kwamba hawezi kumruhusu mtu anayeweza kuwa mgonjwa arudi kwenye chumba cha watu sita, kwamba sheria haimruhusu, kwamba hata yeye amefungwa. Ila hakuna lililokuwa jibu la swali aliloulizwa.

"Sijawauliza," alisema. "Na mkikataa, bado siwezi kuwatoa."

"Basi usiite hili kutuambia. Liite kwa jina lake."

"Ninawafungia, mama."

"Haya." Mama Tusekile alikaa chini, akaanza kuvua viatu. "Binti yangu atapokea wateja wangu wote na atachoma vitumbua vibichi katikati. Nitamkuta amenifilisi jina. Lakini angalau umesema kama mtu mzima."

Hakumtazama tena Atuganile usoni siku hiyo. Alitema mate yake kwenye kikombe wa kwanza, kwa nguvu, kama anayemaliza ugomvi.

*

Geti la kituo lilikuwa la vyuma vilivyo wazi, na kando yake kibanda cha spika. Wa mchana walifika kwa mafungu madogo, wakasimama kwenye alama zao. Atuganile aliongea nao kupitia spika akiwa upande wa ndani, mbali nao, kwa barakoa na miwani. Alisema yale yale. Akaongeza kwamba anayebaki nje hatahesabiwa kuwa ameacha tiba, na hilo alilisema kwa uchungu, maana alijua saratani haina habari na mahesabu hayo.

Walikasirika, na walikuwa na haki. Mwanamume mmoja aliuliza kwa nini mashine isihamishwe. Mwingine alitaka kujua Serikali inasema nini, akaambiwa Serikali inasema mtajijua, akacheka kwa mara ya kwanza. Mwalimu mstaafu aliyebakiza mionzi miwili alisema kwa heshima kwamba atabahatisha bila hiyo miwili, akaaga, akaondoka na bintiye. Watatu waliingia pamoja bila kusema lolote, kama watu wanaoingia maji ya baridi. Mmoja alikwenda, akarudi, akaenda tena.

Bupe alifika na mumewe, Ambwene, fundi wa baiskeli, mrefu, asiyejua aweke wapi mikono. Mtoto wao alikuwa mgongoni kwa mama, amelala, mdomo wazi juu ya kanga. Watoto hawakuruhusiwa kupita getini hata zamani. Bupe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasogea kutoka kwenye alama yake, hatua ambayo ilimfanya Bawabu amwombe arudi, akampuuza.

"Kuna mtu mgonjwa humo?"

"Sijui. Labda."

"Nikiingia nikayapata, mwili huu utayaweza?"

"Sijui, Bupe. Una nafasi ndogo kuliko mtu mwenye afya."

"Nikibaki?"

"Uvimbe utarudi. Hilo ninalijua karibu kabisa."

Ambwene alisema jambo kwa sauti ya chini, Bupe akatikisa kichwa. Aliendelea kumtazama Atuganile kupitia vyuma.

"Wewe ungeingia?"

Asubuhi nzima Atuganile alikuwa amezungukwa na watu na vitu visivyojibu. Bawabu hajibu, anatangaza. Kaswaga hajibu, anataja mafungu. Hata yeye alikuwa amejificha nyuma ya maneno "kila mmoja achague", akiyaona ni ya haki, na yalikuwa ya haki, lakini yalikuwa pia mahali pazuri pa kujificha.

"Hilo siwezi kukuamulia," alianza.

"Sikusema uniamulie. Nimekuuliza wewe."

"Ningeingia," Atuganile alisema. "Ningeingia huku naogopa, na ningekasirika na kila mtu, na huenda nikafa humo kwa sababu ya kuingia. Lakini ningeingia."

Bupe aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa bei halisi baada ya kuzungushwa soko zima. Akamgeukia mumewe.

Ilichukua muda. Alimwinamisha Ambwene, akamhamisha mtoto kutoka mgongo mmoja kwenda mwingine bila kumwamsha, akapitisha kanga kifuani mwa mumewe na kuifunga. Ambwene hakuwahi kubeba mtoto hivyo. Alisimama amejikunja kama aliyebebeshwa kabati. Bupe alifungua fundo, akalifunga upya, chini zaidi, akavuta kwa nguvu. Alimwambia asimfungue mpaka aamke mwenyewe, na akilia amwimbie, na kama hajui kuimba apige mluzi. Ambwene alisema anajua kuimba. Bupe akasema hajui, lakini ajaribu.

Kisha kibandiko chake kikasomwa kijani, geti likamfungukia, likafunga.

Atuganile aliwapitishia wote kikombe. Alitema mate yake mwisho, baada ya Lugano. Alitamani angesubiri kidogo, labda waje wengine, labda yule aliyekwenda na kurudi angerudi tena. Lakini aliona kwamba kusubiri huko hakungekuwa na mwisho, na Mama Tusekile alikuwa amekaa pale miguu mitupu akimtazama kwa pembe ya jicho. Alimimina tone kwenye kipimo akakichomeka.

Hakikuchelewa. Taa ya kipimo iliwaka, na sauti ya mtangazaji wa vifo ikasikika kwenye kila spika ya jengo, ndani na nje, ikiwajulisha kwamba ugonjwa umegunduliwa, kwamba jengo limefungwa, kwamba wanaombwa wawe watulivu. Chuma kiligonga chuma kwenye milango yote ya nje kwa pamoja. Baadaye kidogo, kama mtu anayeondoka zake, milango ya ndani ililegea mmoja baada ya mwingine. Kwenye chumba cha kuongozea Lugano aliita kwamba mashine iko tayari, nani anaanza.

Bupe alikuwa bado kwenye kioo cha mlango wa mbele, viganja viwili juu yake, naye Atuganile alikuja akasimama nyuma yake kwa mbali. Nje, Ambwene alikuwa amesikia spika. Alisimama pale pale getini, ametazamana nao, akiwa hajui afanye nini na uso wake. Kisha akageuka, akalipa geti mgongo, akasimama hivyo bila kutikisika, ili mama amwone mtoto.